Uvimbe ndani ya uti wa mgongo: hatua za kufuata Nairobi, tangu picha ya MRI hadi kurudi nyumbani

Ripoti ya MRI imetoka, nayo inasema kuna uvimbe ndani ya uti wa mgongo. Mwongozo huu ni wako wewe unayemuuguza mgonjwa, uliyekabidhiwa bahasha ya picha na kuambiwa utafute daktari wa upasuaji wa ubongo na neva. Jambo moja lishike tangu sasa, maana kila hatua inayofuata inalitegemea: upasuaji huu hulinda nguvu iliyobaki kuliko unavyorudisha iliyopotea. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa bado anatembea ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutembea baada ya miezi sita. Anayeingia akiwa hajasimama kwa muda mrefu anaweza kutolewa uvimbe wote na bado miguu isirudi.

Nikisema uti wa mgongo hapa ninamaanisha ile kamba laini ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Mifupa inayoizunguka nitaiita pingili.

Hatua ya 1: Jua kama una wiki za kupanga au una saa chache

Uvimbe wa aina hii kwa kawaida hukua polepole, miezi na hata miaka. Ndiyo sababu wengi hufika kwa daktari wa neva wakiwa wameshatibiwa baridi yabisi, figo au "mgongo wa kazi". Dalili zake huvizia: maumivu ya mgongo yanayozidi usiku mgonjwa akiwa amelala, miguu kuwa mizito, ndara kumvuka bila yeye kujua, mkono kushika sufuria ya moto na usihisi joto. Kwa mtoto inaweza kuwa mgongo unaopinda, au mtoto aliyekuwa akikimbia kuanza kuangukaanguka.

Hayo yanakupa muda wa kupanga. Yasiyongoja miadi ya kliniki ni haya: mkojo kukataa kutoka au kuanza kujitokea wenyewe, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, na miguu kupungukiwa nguvu siku hadi siku. Ukiona mojawapo, nenda siku hiyohiyo idara ya dharura ya hospitali yenye daktari wa upasuaji wa neva. Kwa upande wa umma, Kenyatta ndiyo inayojulikana zaidi. Mganga wa kukanda mgongo hana nafasi hapa, hata kama alimsaidia shangazi.

Hatua ya 2: Hakikisha picha ni kamili

Eksirei huonyesha mifupa, na inaweza kutoka safi kabisa huku uti ukiwa umevimba ndani. CT husaidia kidogo tu. Picha inayotakikana ni MRI, tena iliyopigwa mara mbili: kabla na baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha iitwayo gadolinio. Kabla ya sindano hiyo watapima damu kuona kama figo ziko sawa. Waambie mapema ikiwa mgonjwa ana chuma mwilini, betri ya moyo au mimba.

Madaktari wengi wa neva watataka mgongo mzima na ubongo, si sehemu inayouma pekee, kwa sababu uvimbe mwingine huwa na wenzake mahali pengine. Ukiweza, omba yote yafanywe kwa safari moja. Kurudia ni gharama. Na usiondoke na ripoti ya karatasi peke yake. Dai picha zenyewe kwenye diski au flashi, utengeneze nakala, na nakala moja ikae nyumbani.

Kisha tazama ripoti inasema uvimbe uko wapi hasa, kwa maana "uvimbe wa mgongo" ni maneno yanayobeba magonjwa matatu tofauti. Kuna ule ulio nje ya utando unaofunika uti. Huu mara nyingi ni saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi, tezi dume au mapafu. Kuna ulio ndani ya utando lakini nje ya uti, kama meninjioma na shwanoma, ambao huusukuma uti pembeni bila kuuingia. Na kuna ulioota ndani ya uti wenyewe, ambao madaktari huuita intramedulari. Huu wa tatu ndio tunaouzungumzia. Jirani akikwambia mjomba wake alitolewa uvimbe wa mgongo na baada ya wiki akarudi shambani, muulize ulikuwa wapi kabla hujatumaini kupita kiasi au kukata tamaa.

Hatua ya 3: Uliza kama kweli ni uvimbe

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwetu Kenya hairukiki. Uti unaweza kuvimba na kung'aa kwenye MRI bila kuwa na kitu cha kukatwa. Kichocho ni mfano mzuri. Mayai ya vimelea vyake yanaweza kufika kwenye sehemu ya chini ya uti na kuleta ganzi, miguu dhaifu na mkojo kuzuilika, na picha ikafanana sana na uvimbe. Tiba yake ni dawa ya prazikwanteli pamoja na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), si kisu. Kwa hiyo kama mgonjwa amelelewa kando ya Ziwa Victoria, amelima mpunga Mwea, au alikwenda tu kuoga ziwani likizoni, mwambie daktari bila kungoja kuulizwa.

Kifua kikuu nacho huingia mgongoni, mara nyingi kwenye pingili lakini wakati mwingine ndani ya uti. Yapo pia magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia uti, hasa yale yanayokuja kwa siku chache badala ya miezi na kugusa macho. Upungufu wa vitamini B12 na maambukizi ya HIV huweza kuudhuru uti vilevile. Swali la kuuliza ni fupi: "Daktari, ni nini kingine kinachoweza kuonekana hivi, na tumekipima?" Daktari mzuri hatakasirika. Uti ukishapasuliwa haurudishwi ulivyokuwa, kwa hiyo vipimo viwili vya damu si kuchelewesha.

Hatua ya 4: Tafuta mpasuaji, umhoji

Nairobi ina madaktari wa upasuaji wa neva wengi kuliko mahali pengine popote nchini: wako Kenyatta, Aga Khan huko Parklands, Nairobi Hospital, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa, na kwingine. Hakikisha leseni kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, iliyo mtandaoni. Ni kazi ya dakika mbili.

Leseni peke yake haitoshi. Uvimbe wa ndani ya uti ni takriban asilimia 2 hadi 4 tu ya uvimbe wote wa ubongo na uti. Mpasuaji anayeshughulikia diski za mgongo kila juma anaweza kupitisha miezi bila kuuona. Basi muulize amefanya wangapi wa ndani ya uti wenyewe, na walitembeaje baadaye. Uliza kama ana darubini ya upasuaji na kifaa cha mawimbi ya sauti kinachovunja uvimbe na kuufyonza. Uliza, na hili usiliache, kama kutakuwa na mtambo wa kufuatilia ishara za neva wakati mgonjwa amelala, na nani atakayekaa kuusoma. Mtambo usio na msomaji ni pambo.

Akisema mtambo haupo, au kwamba angependa mwenzake mwenye uzoefu zaidi aongoze, usimdharau. Huyo amekuheshimu. Ninayemwogopa ni yule anayekuahidi kwamba mama atatoka akitembea. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo.

Maoni ya pili ni haki yako, nayo huhitaji diski ya picha tu. Ila yasizidi wiki mbili tatu ikiwa miguu inazidi kudhoofika. Kuna familia zinazozunguka hospitali nne zikitafuta jibu tamu zaidi huku mgonjwa akihama kutoka fimbo hadi kiti cha magurudumu.

Hatua ya 5: Pesa, kabla ya tarehe

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kama mgonjwa hajasajiliwa, piga *147# leo, na uhakikishe michango imelipwa. Idhini ya SHA kulipia upasuaji huombwa na hospitali, si na wewe, lakini wewe ndiye utakayefuatilia. Omba makadirio ya maandishi yaliyochanganuliwa: mpasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, mtambo wa kufuatilia neva, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, maabara ya kupima kipande cha uvimbe, tiba ya viungo. Kisha uliza SHA au bima ya kazini inalipa kipi kati ya hivyo.

Mkiitisha mchango, msiweke lengo la upasuaji peke yake. Pesa hukauka siku ya kuruhusiwa, na hapo ndipo safari ndefu inaanza: mtaalamu wa viungo mara kadhaa kwa juma, mipira ya mkojo, nepi za watu wazima, teksi kwa sababu matatu haipandiki. Tengeni fungu hilo tangu mwanzo na lisiguswe.

Hatua ya 6: Wiki ya kabla

Mpige video mgonjwa akitembea, akipanda ngazi, akifunga vifungo vya shati. Itakuwa kipimo chenu baadaye, wakati kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake. Madaktari wana kipimo chao, cha McCormick, kilichochapishwa mwaka 1990. Daraja la I ni anayetembea sawasawa, II ana udhaifu lakini anajitegemea, III anahitaji fimbo au msaada, IV ni wa kiti cha magurudumu au asiyejiweza. Uliza mgonjwa wako yuko daraja gani leo, maana daraja la kabla ya upasuaji ndilo linalotabiri zaidi la baadaye.

Dawa za kupunguza damu kuganda, aspirini na mitishamba zitajwe zote. Akiwa amepewa steroidi kama deksamethasoni, asiache ghafla, na sukari ipimwe. Hospitali pia huomba ndugu wachangie damu, wapange mapema.

Hatua ya 7: Elewa kinachofanyika mezani

Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Mpasuaji hufungua sehemu ya nyuma ya pingili, hasa kwa watoto akiirudisha baadaye ili mgongo usije ukapinda. Anafungua utando, na chini yake uko uti wenyewe, usiozidi unene wa kidole cha mwisho. Anaupasua katikati kabisa upande wa nyuma, palipo na mstari mwembamba kati ya njia za hisia za kulia na kushoto, na kupitia hapo anaufikia uvimbe. Kazi hii huchukua saa nyingi. Mkikaa nje tangu asubuhi hadi jioni bila habari, hiyo peke yake si dalili mbaya.

Wakati wote huo umeme mdogo hupitishwa kutoka kichwani kwenda kwenye misuli ya miguu, na kutoka miguuni kwenda kichwani. Ndiyo maana daktari wa usingizi hutumia dawa za kupitia mshipani kama propofoli na kuepuka zile za kulegeza misuli, ambazo zingezima ishara. Kuna ishara moja, huitwa wimbi la D, inayosomwa moja kwa moja juu ya uti. Ikishuka zaidi ya nusu, hatari ya kupooza kwa kudumu ni kubwa. Hapo mpasuaji husimama, humwagia maji ya vuguvugu, presha hupandishwa, na wakati mwingine kazi huachwa ilipofika.

Zamani hakukuwa na onyo la namna hiyo. Anton von Eiselsberg alitoa uvimbe wa ndani ya uti huko Vienna mwaka 1907. Mwaka 1911 Charles Elsberg wa New York akaeleza mbinu ya awamu mbili: kupasua uti, kuuacha uvimbe usukumwe nje wenyewe kwa siku kadhaa, kisha kurudi kuuchukua. Hakuwa mjinga, alijua kwamba kuuvuta ndiko kunakoua neva.

Je, utatoka wote? Hilo huamuliwa na aina yake kuliko ustadi wa mtu. Ependimoma, iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, mara nyingi huwa na mpaka ulio wazi kati yake na uti, kwa hiyo lengo ni kuitoa yote. Ikitoka yote na ikiwa ya daraja la chini, yaani isiyo kali kwa kipimo cha maabara, wengi hawahitaji mionzi na huishi miaka mingi. Hemanjioblastoma ina damu nyingi lakini nayo hutolewa nzima, bila kuikata vipande. Astrositoma, inayoongoza kwa watoto, hujipenyeza katikati ya nyuzi za uti, na mara nyingi mpasuaji huchukua kipande cha kupima, au anapunguza kidogo, na kufunga. Ndugu wengi husikia "hatukutoa wote" wakadhani daktari ameshindwa. Mara nyingi amefanya lililo sahihi. Kubalianeni naye kabla: akikuta mpaka haupo, asimame wapi? Mgonjwa mwenyewe ndiye wa kulijibu, akiwa macho na akiwa ameelezwa.

Hatua ya 8: Mtarajie aliye dhaifu kuliko alivyoingia

Jiandaeni kwa hili, na mgonjwa aambiwe mapema na daktari, si na ndugu mlangoni. Baada ya upasuaji wa ndani ya uti ni kawaida mtu kuamka na ganzi zaidi, miguu isiyojua ilipo hadi aitazame, pengine nguvu pungufu. Mpasuo ulipita katikati ya njia zinazoleta habari za viungo. Kwa wengi hali hupanda tena kwa wiki na miezi. Kwa wengine sehemu hubaki, hasa ganzi na maumivu ya kuwaka moto, ambayo hutibiwa kwa dawa kama pregabalini, gabapentini au amitriptilini kuliko kwa panado.

Akiwa wodini, ageuzwe kila saa mbili asipate vidonda; sista hawatoshi, kwa hiyo jifunze kumgeuza kwa kumbingirisha mwili mzima kwa pamoja. Kidonda kikitoa maji maangavu kama ya kunywa, akiumwa kichwa akiketi na kupona akilala, akipata homa au shingo ikakakamaa, mwite daktari saa hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, vilevile. Huenda damu imeganda. Na kama uvimbe ulikuwa kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, maumivu makali ya kichwa pamoja na jasho na presha kupanda ghafla ni dharura: mketishe, kagua kama mpira wa mkojo umejikunja au kuziba, na uite msaada.

Hatua ya 9: Jibu la maabara

Huchukua siku, pengine wiki, nalo ndilo linaloamua kama kuna mionzi au la. Chukua nakala, na uulize jina na daraja. Wakisema hemanjioblastoma, uliza kuhusu ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau: macho, figo na ubongo vitahitaji kuchunguzwa, na pengine ndugu wa damu pia. Mionzi ikihitajika, huwa ni siku tano kwa juma kwa wiki tano au sita hivi, kwa hiyo anayetoka Kitui au Kisii atahitaji pa kukaa mjini. Astrositoma ya daraja la juu ni habari nzito. Hapo zungumzeni na kitengo cha tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya mgonjwa) tangu mwanzo, maumivu yadhibitiwe, wala msingoje hadi kila kitu kimeshindikana.

Hatua ya 10: Nyumba kabla ya mgonjwa

Ghorofa ya tano Pipeline bila lifti haifai, na hilo lisigunduliwe mlangoni mkiwa na kiti cha magurudumu. Tafuteni chumba cha chini, hata kwa dada huko Rongai kwa miezi michache. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti. Mlango upimwe upana.

Tiba ya viungo ianze wodini na isikatike. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti iliyoko Hurlingham ina uzoefu mrefu wa kurekebisha watu wa aina hii, kwa hiyo omba rufaa. APDK, chama cha watu wenye ulemavu kilichoko Waiyaki Way, hutengeneza na kurekebisha viti vya magurudumu kwa kipimo cha mtu. Udhaifu ukidumu, mgonjwa asajiliwe na baraza la watu wenye ulemavu. Aliyeajiriwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi.

Mkojo usiachwe ujipange wenyewe. Kibofu kinachojaa bila kuhisiwa huharibu figo kimyakimya. Mgonjwa au mlezi anaweza kufundishwa kuingiza mpira safi kila saa nne hadi sita na kuutoa, na kwa wengi ni bora kuliko mpira wa kudumu unaoleta maambukizi. Na masuala ya ndoa yaulizwe pia. Hakuna daktari wa neva asiyeyajua, ila wengi hawataanza wao.

Hatua ya 11: Picha za baadaye

MRI ya kwanza baada ya upasuaji mara nyingi hufanywa ndani ya miezi mitatu, kisha baada ya miezi sita au mwaka, na kuendelea kwa miaka. Ependimoma inaweza kurudi baada ya muda mrefu sana, hata mgonjwa akiwa anatembea vizuri, kwa hiyo "niko sawa" si sababu ya kuruka miadi. Kila safari beba diski ya kwanza baada ya upasuaji pamoja na ya mwisho, msomaji alinganishe mwenyewe. Na dalili za Hatua ya 1 zikirudi katikati, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.